Khatibu Amerudi na Kitambi kutoka Malawi

Alasiri ile kijiweni kwetu Mtongwe, Likoni, macho yote yalikuwa kwenye tumbo la Khatibu. Alikuwa amekaa wiki tatu Malawi kwa Riyadh, rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni, ambaye huu mwaka wa nne yuko kule kando ya ziwa anasomesha dini. Khatibu aliondoka amekonda kama ufito. Amerudi vifungo vya shati havifiki. Taufiq, muuza kahawa, akammiminia kikombe, nasi tukasogea.

— Hebu tueleze, alisema Mzee Mwidani, tunayemwita Kadhi kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu. Ulikwenda kumzuru mtu wa da'awa au ulikwenda kunoneshwa?

— Wallahi nilikwenda kumwona. Lakini kule mgeni haachwi akasema ameshiba. Asubuhi mandasi, kama mahamri yetu ila hayana iliki. Mchana nsima, ndiyo ugali wao, mweupe, laini, na samaki aitwaye chambo. Jioni tunaalikwa zikri. Watu wanaruka mpaka kanzu zinalowa, halafu mnaletewa wali.

— Samaki wa ziwani hana ladha, alisema Mwidani. Hilo halina mjadala.

Dishon, fundi wa pikipiki aliyezaliwa Homa Bay, akaweka kikombe chini.

— Mzee, kwa heshima yako. Samaki ni wa ziwa. Huyu wenu mnamtia nazi, ukwaju na pilipili mpaka anasahau jina lake. Tumbo hilo limeletwa na maji. Maji ya ziwa yana mafuta, ndiyo maana viboko ni wanene.

— Mimi nasema ni zikri, alisema Taufiq. Ukiruka sana chakula kinashuka, nafasi inaongezeka juu.

— Mnazunguka tu, alisema Mwidani. Maziwa makubwa yana majini. Riyadh amemsilimisha mmoja, naye kwa shukurani anatia baraka kwenye sufuria.

Tulicheka sote isipokuwa Khatibu. Yeye alikuwa akikizungusha kikombe mkononi.

Hapo akatokea Bi Ummulkheir, mamake Riyadh, ana fungu la mchicha.

— Shikamoo, Bi Ummulkheir.

— Marahaba, wanangu. Khatibu, umerudi na hukunijia.

— Nilikuwa naja, Mama, inshallah.

— Nimewasikia tangu kule kichochoroni. Mandasi, samaki, wali. Mwanangu hajapata kuchemsha hata yai. Nani alikuwa akipika?

Mwidani alimtazama Dishon, Dishon akamtazama Taufiq. Khatibu akavua kofia.

— Anaitwa Asmaa, alisema. Anasomesha watoto pale pale. Walioana mwezi wa Rajabu. Riyadh alishindwa kukwambia kwa simu, akanituma nije nikwambie kwa upole. Leo siku ya tano, Mama, nautafuta huo upole.

Bi Ummulkheir aliweka mchicha chini. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akaketi kwenye benchi letu. Taufiq akampa kahawa. Aliishika bila kuinywa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

— Huyo samaki, akauliza, anamtia ndimu kabla ya kumkaanga?

Khatibu akafikiri.

— Anamtia, Mama. Na chumvi. Anamwacha kidogo.

— Basi amefunzwa na mamake, alisema Bi Ummulkheir, akapiga funda la kwanza.