Kila Mmoja Wetu Alijua Kidogo

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, upande ambao jua la asubuhi halifiki mpaka saa nne. Mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Jiko langu la mkaa liko mguuni pa benchi, birika juu yake, vikombe sita vidogo ndani ya beseni, na ninasikia kila kitu kwa sababu hakuna anayeona haja ya kuninyamazia. Jumatano hiyo walikuwa watatu badala ya wanne: Kiwembe, kinyozi mwenyewe, ambaye huzungumza akiwa amesimama mlangoni hata kama hana mteja; Breki, aliyeendesha lori miaka thelathini na siku hizi anaendesha maneno tu; na Mwalimu, mstaafu wa hesabu, ambaye kwake kila jambo lina kanuni. Nafasi ya wa nne ilikuwa wazi. Ni ya mwokaji mikate tunayemwita Saa Nane, kwa kuwa miaka arobaini alikuwa akiamka saa nane za usiku kwenda kukanda unga, ili sisi wengine tukiamka tukute mkate wa moto. Jumatatu aliondoka hapo benchini, ametuaga vizuri kabisa, na nyumbani hakufika. Alasiri walimkuta mbele ya nyumba aliyowahi kupanga miaka ishirini iliyopita. Wenye nyumba walikuwa wamempa kiti na maji ya kunywa, naye anawaambia wasijali, mkewe amechelewa kidogo tu, atakuja kumfungulia. Mkewe tulimzika sisi wenyewe, huu mwaka wa sita. Sasa binti yake alikuwa amempeleka hospitali, nasi tunasubiri.

— Ni joto, akaanza Kiwembe. Mtu anakaa mbele ya tanuri miaka arobaini, kichwa kitabaki vilevile? Mimi vichwa navishika kila siku. Cha Saa Nane kimekauka, mashine inapita juu yake inalia.

— Iliyokauka ni ngozi, akasema Mwalimu. Ngozi si ubongo.

— Na ngozi imekaa juu ya nini?

Breki akatikisa kikombe chake, akakinyoosha nimwongezee.

— Nyie hamjaona gari lililoegeshwa, akasema. Gari limezoea safari ndefu, unaliweka uani mwaka mzima. Siku ukiliwasha, hata gia ya kwanza linaitafuta. Yeye mwaka jana alimwachia binti yake tanuri, akakaa. Ndiyo yamempata hayo.

— Alianza kabla ya kukaa, nikasema mimi.

Hata mimi nilishangaa kwamba nimesema.

— Kichwa ni ghala, Mwalimu akaendelea kama hakusikia. Na ghala lolote lina ukubwa wake. Saa Nane alikuwa anaweka kichwani oda za nyumba mia mbili. Nani anataka mkate mkubwa, nani mdogo, nani hapendi uliobabuka. Haandiki popote. Piga hesabu kwa miaka arobaini. Ghala limejaa, kinachoingia sasa kinamwagika mlangoni.

— Mbona ya zamani anayakumbuka mpaka rangi ya mlango? akauliza Breki.

— Ya zamani yako chini kabisa. Ya chini hayamwagiki.

— Haya, tuseme ghala, akasema Kiwembe. Ghala la nini? La unga. Ule unga mlaini unapaa, unauvuta puani usiku kucha. Unapanda juu. Kule juu kuna unyevu, kuna joto. Unga, maji na joto, kinatokea nini?

Breki akamtazama.

— Unataka kusema kichwani mwake kuna mkate?

— Sijasema mkate. Nimesema donge.

Siku nyingine tungecheka mpaka mtu ashike ukuta. Siku hiyo tulicheka kidogo tu, kisha kila mmoja akatazama chini ya njia, upande ambao binti angetokea.

— Mimi nadhani ni usingizi, nikasema. Yule bwana tangu nimfahamu hajalala kama watu.

— Usingizi ni mazoea, shangazi, akasema Breki. Mimi nimewahi kuendesha siku mbili usiku na mchana bila kufumba jicho. Si huyu hapa, mzima?

— Mzima? akauliza Mwalimu. Jana uliniita kwa jina la marehemu kaka yangu. Mara mbili.

— Mnafanana.

— Tunafanana, ndiyo. Lakini ulimzika.

Breki akakiinua kikombe chake, akanywa.

Binti wa Saa Nane akatokea akitembea haraka, bahasha ya kaki mkononi. Ndiye mkubwa kati ya mabinti wake wawili, na ndiye anayeendesha duka la mikate sasa. Kwenye kucha zake kulikuwa bado na unga uliokauka, kwa maana alikanda kwanza ndipo akampeleka baba yake. Akatuamkia wote kwa pamoja, tukamwitikia, naye akakaa palepale palipokuwa wazi.

— Amelala, akasema kabla hatujauliza. Mdogo wangu yuko naye.

— Wamesemaje, mwanangu? nikauliza.

— Wamempima presha mara tatu. Mara ya tatu daktari alibadilisha mashine, akidhani ile ya kwanza ni mbovu. Haikuwa mbovu.

Nikampa kahawa. Aliishika tu, hakunywa.

— Wakampiga picha ya kichwa. Kuna sehemu ndogondogo ndani ya ubongo ambazo damu iliacha kufika. Si kiharusi kile cha kumwangusha mtu mdomo ukaenda upande. Ni vidogo, vya kimyakimya, kimoja leo, kingine baada ya miezi. Daktari anasema mishipa ya humo ni myembamba kama nyuzi. Presha ikiipiga miaka na miaka inakakamaa, inaziba. Na mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

— Kwa hiyo si donge, Mwalimu akasema polepole.

Kiwembe aliinamisha kichwa.

— Kisha akaniuliza baba analalaje. Nikamwambia hata sasa, akiwa hana kazi, usiku halali zaidi ya saa tatu au nne. Na anakoroma mpaka ukuta wa pili unasikia, halafu ananyamaza kabisa, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka kwenye maji. Kumbe kule kunyamaza ndiko kubaya. Pumzi inakatika. Sisi nyumbani tulikuwa tunashukuru. Tulikuwa tunasema, afadhali amenyamaza.

Akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja.

— Lakini usingizi na kusahau vinakutana wapi? akauliza Breki. Sauti yake ilikuwa imepungua.

— Nami niliuliza hivyohivyo, baba mdogo. Akasema mtu akilala vizuri presha inashuka, moyo na mishipa vinapata nafuu, na ubongo nao unapata muda wa kujisafisha. Asiyelala anakosa hayo yote, kila usiku, miaka yote. Hakusema ndiyo sababu peke yake. Alisema umri upo, presha ipo, usingizi upo, na hawezi kuchukua kimoja akasema ni hiki.

— Atapona? akauliza Mwalimu.

— Palipoharibika hapatarudi. Lakini presha ikishushwa ikakaa chini, akatibiwa hilo la pumzi, akalala kwa utaratibu, akatembea kila siku, huenda hali isiharibike haraka. Huenda. Daktari alilirudia neno hilo, nami nikaona analirudia kwa ajili yangu.

Mteja mmoja akaja mlangoni kwa Kiwembe, akatazama nyuso zetu, akasema atarudi baadaye.

— Kuna swali moja lilinishinda, akasema binti. Aliniuliza ilianza lini. Nikamwambia mwaka huu. Akaniuliza nina hakika? Ninyi ndio mnakaa naye kila siku. Ilianza lini?

Nilikuwa nikiosha kikombe, nikaendelea kukiosha kikiwa kisafi.

Kiwembe ndiye aliyeanza. Alisema akitazama ndani ya duka lake.

— Kabla sijabadilisha kile kioo kikubwa. Ni miaka miwili na kitu. Alikuja asubuhi nikamnyoa. Baada ya saa moja akarudi, akakaa kwenye kiti, akasema nywele zimezidi. Nikamfunga shuka, nikawasha mashine, nikaipitisha hewani karibu na masikio. Nikampangusa shingo. Akanishukuru, akaondoka. Ikatokea tena. Nikawa nafanya vilevile.

Binti akatoa kalamu, akaandika nyuma ya bahasha.

— Kwenye drafti, akasema Mwalimu. Kwenye drafti alikuwa ananifunga kila siku, hiyo mnajua. Mwaka juzi akaanza kusahau zamu yake. Anakaa anatazama ubao. Nikawa nasogeza kete yake mimi mwenyewe, namwambia, wewe bwana hatari, umenibana. Nilikuwa najifunga ili ashinde. Aliniamini kila mara.

— Mimi nilimpa kahawa ya pili, nikasema. Anamaliza kikombe, anageuka, ananiuliza mbona leo sijampa. Ningesema ameshakunywa angeona haya mbele za watu. Nikawa nampa nyingine, nusu maji ya moto. Kuna siku alikunywa vikombe saba. Na mimi nilijua kwamba usiku halali.

Tukawa tumebaki na Breki. Alikuwa ameviweka viganja vyake vikubwa juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini.

— Mimi nilikuwa namsindikiza, akasema. Pale penye njia panda alikuwa anasimama, hajui kulia wala kushoto. Niliona siku moja, nikamwambia nanyoosha miguu, twende wote. Baada ya hapo nikawa nanyoosha miguu kila siku. Mwaka na nusu. Jumatatu goti liliniuma, nikabaki. Nikasema moyoni, leo atafika tu.

Binti aliandika hilo pia. Akaisoma bahasha kutoka juu mpaka chini, midomo yake ikienda bila sauti. Nilitegemea alie au atukemee, na ningependelea atukemee.

— Kwa nini hamkuniambia?

Aliuliza hivyo tu, kwa sauti ileile ambayo mtu huulizia saa. Kulikuwa na majibu, nilikuwa nayo hata mimi. Ni mtu mzima, tulimheshimu, hatukutaka kumwaibisha mbele ya watoto wake. Lakini kila jibu nililolishika nililiona halitoshi kusemwa mbele ya ile bahasha. Tulikuwa tumemstahi kwa pande zote nne, mpaka hapakubaki nafasi ya mtu kumsaidia.

Binti mwenyewe ndiye aliyetuokoa.

— Sawa. Hata mimi sikuwaambia ninyi, akasema. Mwezi wa mwisho kabla hajaniachia kazi, alitia chumvi mara tatu kwenye unga uleule. Nikautupa wote kabla vijana wa kazi hawajafika, nikakanda mwingine. Nikasema tanuri limesumbua. Nilimpa mapumziko ili asionekane, si ili apumzike.

Breki akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ya vidonge. Viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimetolewa.

— Hivi ni vya presha, akasema. Nilipewa mwezi uliopita. Kichwa kikiwa kizito nameza, kikiwa chepesi naacha. Ndivyo sivyo, eh?

— Ndivyo sivyo, baba mdogo. Vinamezwa kila siku hata kama kichwa ni chepesi. Na ukiona vinakusumbua unarudi kwa daktari, huachi mwenyewe.

— Nilikuwa nauliza tu.

Nikamtilia maji ya kunywa kwenye kikombe cha kahawa, akameza mbele yetu. Kiwembe akasema yeye hajawahi kupimwa hata siku moja. Wakapangana waende Ijumaa, watatu, na Mwalimu akasema na mimi niende, nani atawauzia kahawa nikianguka. Wakapangana pia zamu za kumtembeza Saa Nane jioni. Binti akatuomba jambo moja zaidi: baada ya saa sita mchana asipewe kahawa, hata akiomba vipi. Nikakubali. Hilo lilikuwa langu.

Saa Nane alirudi benchini Jumamosi, binti yake amemshika mkono. Alivaa shati lililopigwa pasi na alionekana amepumzika kidogo, labda ndivyo nilivyotaka kuona. Tulikuwa tunamzungumzia, na alipokaribia tukanyamaza wote kwa pamoja, kama wanafunzi.

— Mbona mmekatiza? akauliza akikaa. Mlikuwa mnazungumza nini?

— Mpira, akasema Breki.

Kisha akamtazama binti, akamtazama Mwalimu, akajifuta uso kwa kiganja.

— Hapana, si mpira. Tulikuwa tunakuzungumzia wewe.

— Mimi? Nimefanya nini?

Mwalimu akasogea karibu naye.

— Unasahau, rafiki yangu. Tumeona kwa muda mrefu, hatukukuambia.

Saa Nane aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, ile mikono yenye alama za kuungua kwa trei za miaka yote. Niliogopa atasimama aondoke, na hakuna kati yetu ambaye angekuwa na haki ya kumzuia.

— Kumbe mlikuwa mnaona, akasema. Na mimi nilikuwa najitahidi sana msione.

Binti yake aligeuza uso upande wa barabara. Kiwembe akazima mashine iliyokuwa ikinguruma ndani bila mteja.

— Nimechoka kujitahidi, akasema tena Saa Nane, na akavuta pumzi ndefu. Haya, semeni basi, na mimi nikiwepo. Nikisahau, mtaniambia tena.