Mpaka wa Kidonge

Kijiwe cha Msambweni, nyuma ya duka la simiti, kina benchi mbili, birika moja na maoni yasiyokwisha. Asubuhi ile Chirau aliketi pembeni kabisa, miguu ameificha chini ya benchi. Wenzake walidhani ni adabu. Mwenyewe alijua amevaa ndara za mkwewe, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vimekataa kumwingia.

Kesi ya siku hiyo ilikuwa dawa yake. Moyo ulikuwa umechoka kusukuma damu, na daktari akamwandikia kidonge kimoja chenye dawa mbili za kutanua mishipa, ameze mara tatu kwa siku. Kikamletea maumivu ya kichwa. Badala ya kukirudisha kliniki, Chirau akakileta kijiweni, ambako hakuna foleni.

Forodha, karani mstaafu wa mpakani Lunga Lunga, alikuwa amekwisha kumfafanulia wiki kadhaa nyuma.

— Moyo ni karani, bwana. Malori yakibanana, karani anaishiwa nguvu. Daktari kakupanulia barabara tu.

Kwa hilo hakukosea sana, ndiyo maana walimwamini alipokosea. Kidonge kina mstari katikati na herufi upande mmoja, alisema, na mstari popote duniani ni mpaka: dawa hii huku, ile kule. Dawa inayokorofisha kichwa ifukuzwe pamoja na upande wake. Basi Chirau akawa anakata, anameza nusu isiyo na herufi, nyingine anaiviringisha kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Kichwa kikatulia. Kijiwe kikajipongeza.

Lakini asubuhi ile Kadhi, ambaye hajapata kuhukumu chochote ila bao, alikata rufaa. Nusu isiyo na herufi haina hati, alidai, kwa hiyo ni ya magendo. Forodha akamjibu kwamba herufi ni muhuri wa kutokea, si wa kuingilia. Kadhi akaongeza kuwa hata hivyo imezwe mtu amelalia ubavu wa kushoto, isije ikapotea njia.

Hapo akafika Sanga, shemeji yake Chirau kutoka Kinango, aliyekuja kuuza mbuzi. Akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akapewa kikombe na kashata, akasikiliza. Kisha akaivunja kashata, nusu akampa Chirau.

— Samahani wazee, nauliza tu. Utamu umebaki upande gani?

Kadhi alichungulia ndani ya birika. Forodha alitafuna polepole, kama mtu aliyeombwa fomu ambayo ofisi haijapata kuichapisha.

Chirau aliirudisha kashata kwenye sahani. Akaitoa miguu chini ya benchi. Ukanda wa ndara ulikuwa umezama ndani ya nyama.

— Siku hizi nalala nimeketi, alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno. Nikadhani ni uzee.

Forodha ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda barabarani kusimamisha bodaboda. Sanga akamshika Chirau mkono, naye Kadhi, kwa mazoea, akauliza mgonjwa aende kliniki na nusu zipi.

— Zote, alisema Chirau, akaupapasa mfuko wake.