Vibanda Vilivyofungwa Kigongo

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, basi letu liliposimama Kigongo kungoja kivuko. Nilikuwa naenda Muleba kumzika shangazi yangu. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu ndipo nilipoiona kazi yangu ya miaka kadhaa ikianguka mbele ya macho yangu, nami nimeshika mfuko wa sukari ya msibani.

Wapendwa wanajumuiya, mmeniomba nishuhudie jinsi nilivyomaliza shahada ya uzamivu huku nikiwa kazini kila siku. Najua mlitegemea nianze na sala. Nitaanza na kosa, maana sala ilikuja baadaye.

Niwarudishe nyuma kidogo. Nilipomaliza kidato cha nne baba alifariki, nikaja Mwanza kutafuta kazi, nikaipata katika kiwanda cha minofu ya samaki, kwenye meza ya kukata. Kidato cha sita nilijisomea kwa vitabu vya kuazima, mtihani nikaufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shahada mbili za mwanzo nilizisoma kwa masafa, nikiwa tayari mkaguzi wa ubora palepale kiwandani. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hamu tu, kama hamu ya mjamzito anayetamani udongo. Hajui kwa nini anautaka, lakini asipoupata hatulii.

Kwa uzamivu nilichagua kuandika juu ya Kigongo. Tangu usichana, kila nilipokwenda nyumbani Kagera, nilingoja pale. Unashuka kwenye basi, upepo wa ziwa unakupiga usoni, unanunua sato wa moto aliyefungwa kwenye gazeti, na upande wa pili unaiona Busisi, ndogo, kana kwamba nyumbani kumesogea. Nilitaka kuandika juu ya watu wanaoishi kwa kungoja kwa wengine: wauza samaki, karanga, chapati, maji. Daraja lilikuwa linajengwa. Nilijua siku zao zinahesabika.

Sasa, zamu yangu kazini ni Jumatatu hadi Ijumaa. Jumapili ni ya misa na ya kufua. Ikabaki Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi zangu zote nilizipeleka Kigongo, na hii jumuiya yetu ya Jumamosi asubuhi nikaikosa mara nyingi, mtanisamehe.

Nilihesabu vibanda arobaini na kimoja. Karibu nusu yake vilikuwa vimefungwa. Turubai limeshushwa, kamba imekazwa, benchi limepinduliwa. Jumamosi hii hivyo, Jumamosi ijayo hivyohivyo. Nilimuuliza jirani wa kibanda kimoja, kijana wa karanga.

"Mwenye hiki yuko wapi?"

"Hayupo."

"Tangu lini?"

"Mama, nimekwambia hayupo. Unanunua karanga au umekuja kuchukua sensa?"

Watu wakacheka. Nikanunua karanga, nikaandika kwamba mwenye kibanda ameacha biashara. Na kutokana na vibanda vile nikajenga sura ya nne nzima, kwamba wafanyabiashara wamelikimbia daraja kabla daraja halijafika. Msimamizi wangu aliisoma akasema, "Mama, hii sura ndiyo tasnifu." Sitaficha, nilitembea siku ile kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Haya, turudi kwenye Jumatano ya msiba. Nilishuka kwenye basi, na vibanda vyote vilikuwa wazi. Vyote! Moshi, mafuta yanachemka, wanawake wanaitana kutoka benchi hadi benchi. Nilikwenda kwenye kibanda nilichokiandika mara nyingi kuliko vyote kuwa kimekufa. Ndani yake kulikuwa na mama wa rika langu, anageuza samaki.

"Karibu mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma. "Nikupe mkubwa?"

"Umeanza lini kuuza hapa?"

"Nimeanza lini?" Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Kifungua mimba wangu nilimnyonyeshea kwenye benchi hilo. Leo ana watoto wake."

"Lakini mimi huja kila Jumamosi. Sijawahi kukuona."

"Jumamosi!" Akamgeukia mwenzake wa chapati. "Wifi, njoo usikie! Huyu mayu anatutafuta siku ya Sabato!" Kisha akaniambia taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Sisi ni Wasabato, mama. Jumamosi sichomi hata hindi. Mimi, na wifi, na upande ule wote mpaka kwenye mti. Ungekuja kanisani ungetukuta tumejaa."

Ndugu zangu, kiwandani mimi mwenyewe ndiye ninayepanga zamu, na kwa miaka yote hiyo nimewapangia wenzetu Wasabato Jumapili ili wapate Jumamosi yao. Nilijua wanakokwenda Jumamosi. Nilijua kuliko wengi. Lakini nilipovuka geti la kiwanda kwenda kuwa msomi, niliyaacha niliyokuwa nayajua.

Kivuko kikapiga honi, nikapanda. Katikati ya maji nikaangalia juu. Daraja lilikuwa limebakiza kipande kidogo kuungana.

Niliporudi kutoka msibani nilimweleza mume wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Profesa ameipitisha?"

"Ameipitisha."

"Daraja likifunguliwa, vile vibanda vitakuwepo?"

"Havitakuwepo."

"Sasa nani atakwenda kuuliza?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameniona nikisinzia mezani miaka yote ile, alitaka nipumzike. Na maneno yake yalikuwa kweli. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kunihakiki. Nilikaa na wazo hilo wiki mbili, na kwa muda lilinifaa.

Lakini kila nilipofungua sura ya nne nilimwona yule mama. Nimemwandika kuwa ameondoka, naye yupo, anageuza samaki. Nilichokitamani tangu nikiwa kwenye meza ya kukata ni kujua jambo moja sawasawa, mimi, bila kuambiwa na mtu. Sasa nilikuwa karibu kupewa shahada kwa jambo ambalo si kweli. Hapo ndipo nilipopiga magoti, nikamaliza kusali, nikapiga simu.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba mama. Umemaliza?"

Nikamweleza.

"Sura ya nne yote?"

"Yote."

"Unahitaji muda gani?"

"Mpaka daraja lifunguliwe."

"Hapo usiniulize mimi, kawaulize wakandarasi." Akacheka kidogo, kisha akasema, "Rudi Kigongo, mama. Nenda siku za kazi."

Siku za kazi! Likizo nilikuwa nimeimaliza kwenye msiba. Meneja aliniambia samaki hawangoji tasnifu, na kwa upande wake alikuwa na haki. Aliyenifungulia njia ni Msabato mmoja wa kitengo changu. Alikuja mwenyewe akasema, "Dada, wewe umetupa Sabato zetu siku zote. Chukua zamu zangu za Jumapili, nami nishike zako za Jumanne." Wengine wakaniachia zamu zao za Jumamosi, wakashika zangu za Jumatano. Hivyo nikawa nafanya kazi mwisho wa wiki, na katikati ya wiki niko kando ya maji, nauliza upya kila nilichodhani nakijua.

Mnakumbuka yaliyofuata, maana mlikuwemo. Jumapili hamnioni kanisani. Na mmoja wenu, sitamtaja, anajijua, aliniona Jumamosi moja natoka kanisa la Wasabato na Biblia mkononi, siku niliyoomba ruhusa kazini nikaenda kutambulishwa kwa wale akina mama wa Kigongo. Mwenyekiti wetu akaja kwangu na akina mama wawili, nyuso zimekunjwa kama za kutoa pole.

"Mama, tumesikia umehama."

"Nimehamia wapi? Si niko hapahapa Kiseke?"

"Usitufiche. Tumeshaanza novena ya kukuombea urudi."

Nilipowaeleza mlicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini hamkuishia kwenye kucheka. Mliihamisha jumuiya kutoka Jumamosi asubuhi hadi Alhamisi jioni, kwa ajili ya mtu mmoja. Sikuwahi kuwaambia, lakini zile Alhamisi ndizo zilizonishika. Nilikuwa naingia nimechoka, nanuka samaki, nakuta mmeniwekea kiti.

Nilimaliza mahojiano ya mwisho kabla daraja halijafunguliwa. Baada ya hapo nilikwenda Jumanne moja kuaga. Magari yalikuwa yanapita juu. Chini kulikuwa na upepo, na yule mama wa samaki anafungasha sufuria zake.

"Mayu," akaniambia, "sasa ndiyo uandike kwamba tumeondoka."

Sura ya nne mpya inasema kwamba wale watu walikuwepo mpaka siku ya mwisho. Ni fupi kuliko ile ya kwanza na haikumfurahisha kila mtu kwenye jopo, lakini nilijibu kila swali lao bila woga. Nikafaulu.

Nakushukuru mume wangu, uliyenipa jibu rahisi na hukukasirika nilipolikataa. Nawashukuru wenzangu wa kazini na msimamizi wangu. Nawashukuru ninyi. Somo nililonalo ni dogo: ukikuta mlango umefungwa, usiandike kwamba mwenyewe ameondoka. Rudi siku nyingine.

Sasa navuka kwenda nyumbani kwa dakika chache tu, na kioo cha basi hakifunguki. Nikifika katikati huwa naangalia chini, upande wa kushoto, mpaka pale palipokuwa na vibanda papite. Namba nyingi za simu za wale wafanyabiashara hazipatikani. Nimechapisha nakala moja ya sura ile kwa ajili ya yule mama, nimeiweka kabatini kwangu. Wengine wanasema yuko Usagara, wengine wanasema alirudi kwao Sengerema. Mwenye kumfahamu, mama wa samaki, mcheshi, Msabato, naomba aniambie. Nitakwenda siku yoyote isipokuwa Jumamosi.