Baba Mdogo wa Nyumba ya Sufu

Ndugu, jamaa na majirani, kwa kuwa desturi yetu haipendi jina la aliyetutoka litajwetajwe, lisije likamrudisha njiani, tutalitaja mara hii moja tu: marehemu Rabgye alizaliwa tarehe 3 Machi 1931, hapa hapa Gyantse, Tibet, chini ya ngome, akiwa mtoto wa mwisho katika nyumba ya wafanyabiashara wa sufu.

Kusoma na kuandika alifundishwa na mjomba wake mtawa, hadi mwaka 1946 alipokabidhiwa nyumbu, akaanza kupeleka sufu Phari, mpakani, na kushuka nayo hadi soko la Kalimpong, India, safari zilizomweka mbali na nyumbani sehemu kubwa ya mwaka, na wenzake wa msafara walisema aliongea zaidi na nyumbu kuliko na watu.

Mwaka 1953 yeye na kaka yake mkubwa, Wangdu, walimwoa Yudron, mke mmoja kwa ndugu wawili, ili nyumba na mashamba visigawanyike, na kama ilivyo kwetu, mtoto akawa wa kaka mkubwa, yeye akawa baba mdogo. Choedon, mtoto wao pekee, alizaliwa tarehe 9 Novemba 1955, na nyumbani hapakuulizwa zaidi ya hapo.

Sikukuu ya mwaka mpya wa 1960, marehemu akiwa ndiyo kwanza ametoka safari, mtoto alimkimbilia mlangoni, akamwita baba mbele ya wageni, naye akamgeuza taratibu kwa mabega, akamwambia, "Baba yako yule pale, anakunywa chai. Mimi baba mdogo, au bado una usingizi?" Wageni wakacheka, yeye akatoka kwenda kuwashusha nyumbu mizigo, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa.

Biashara ya Kalimpong ilipokufa, mwaka 1962, aliingia karakana ya mazulia, akatia nyuzi rangi hadi alipostaafu mwaka 1993, na katika miaka ile serikali ilipofunga milango ya monasteri ya hapa mjini, alizunguka ukuta wake kila asubuhi kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea, hata ilipofunguliwa akawa miongoni mwa wa kwanza kupeleka siagi ya taa.

Wangdu alifariki mwaka 1974, majirani wakamtania, "Haya mzee, sasa umepanda cheo," akawajibu, "Mwacheni kaka yangu na mtoto wake." Yudron naye alifariki mwaka 1996, wakabaki yeye na Choedon, wakiota moto mmoja, yeye akiitwa baba mdogo kwa heshima zote, na kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze kusema ukweli.

Alianza kuugua kifua Oktoba 2003, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 14 Januari 2004 Choedon alitoka nyumbani na chupa ya chai, akiwa ameazimia kumwita baba siku hiyo, akamkuta ameshakata roho.

Mtawa alipouliza aandike sala zinasomeshwa na nani, Choedon alijibu, "Andika binti yake," na familia haikupinga.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, watawa, majirani waliotuletea siagi na unga wa shayiri, na wenzake wa karakana. Desturi inatukataza kumlilia kwa sauti, asije akageuka, kwa hiyo Choedon ameomba tumuage kwa maneno yake: Baba, njia ni nyeupe, nenda kwa amani, usituangalie.