Aliyesema Shusha

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta, kati ya kibanda changu cha kushona viatu na kibanda cha magazeti. Mama wa kahawa hufika na birika lake saa nane mchana, na kuanzia hapo kila mtu ana la kusema. Siku ninayoisimulia tulikuwa wanne. Mimi, na kiatu cha mtu magotini. Wakili, ambaye hakuwahi kusomea sheria, ila alichapa barua mahakamani miaka ishirini, na tangu hapo huongea kama anapiga mhuri. Bega, mwenye magazeti, aliyepewa jina hilo kwa sababu bega lake la kulia limeshuka na mkono wake haupandi kupita kifua. Na Pazia, seremala wa vitanda na milango, ambaye zamani alijenga majukwaa ya maigizo kwenye ukumbi wa mji. Pazia na Bega hukaa benchi hilo hilo, mmoja mwanzo wake, mwingine mwisho. Katikati tunakaa sisi wengine.

Simu ya Pazia ililia. Akaitazama, akailaza kifudifudi pajani.

— Hiyo ni mara ya tatu, — Wakili akasema. — Kama ni mkeo, pokea tu, nasi tutaziba masikio.

— Ni ujumbe. Namba za binti.

Tukamwuliza namba gani, akatueleza bila kututazama. Binti yake wa mwisho alikuwa amemaliza shule na kufaulu vizuri. Fomu ya chuo aliijaza Pazia mwenyewe kwa simu yake, chaguo la kwanza upimaji ardhi. Sasa binti anataka kubadilisha, na mwisho wa kubadilisha ni leo saa kumi. Kila akijaribu, chuo kinatuma namba sita kwenye simu ya baba. Asiposomewa namba hizo, habadilishi kitu.

— Anataka kusomea nini? — Wakili akauliza.

— Ufundi wa jukwaa. Taa, sauti, kamba, mapazia. Na kuwasimamia watu wa nyuma.

— Miaka mingapi?

— Mitatu.

Wakili akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili.

— Miaka mitatu kujifunza kuvuta pazia. La kwangu nalivuta kila asubuhi, na sina hata cheti.

— Si pazia peke yake, — nikasema. — Zile taa zinazobadilika rangi, unadhani zinajiwasha?

— Zina swichi. Sikiliza, fundi, mimi naongea jambo zito. Ile ni kazi ya gizani. Mtu akikaa gizani miaka mitatu macho yanageuka, mchana hamtambui hata mama yake. Halafu akiifanya vizuri hakuna anayejua kama yupo. Akikosea, ukumbi mzima unajua. Hiyo ni kazi au kifungo?

— Hapo umesema kweli, — Pazia akasema.

Wakili alipoona ameungwa mkono, akapanda juu zaidi.

— Na siku ya posa je? Watauliza, binti anafanya nini? Mtajibu, anakaa nyuma ya pazia. Watadhani ni mganga. Mwishowe ataolewa na mwigizaji, maana waigizaji ndio atakaokutana nao. Umewahi kuishi na mwigizaji? Analia mezani, hujui kama amefiwa au anafanya mazoezi. Watoto wao hawatakula mpaka wapigiwe makofi.

Nilicheka. Pazia hakucheka. Bega alikuwa akikunja magazeti kwa mkono wa kushoto, moja moja, kama hatusikii.

— Lakini wewe mwenyewe ulikula kwa kazi hiyo, — nikamwambia Pazia. — Unamkatalia nini mtoto?

— Namkatalia kwa sababu niliifanya.

Wakili akachukua kikombe chake. Kisa chenyewe tunakijua sote, ila hakizungumzwi pale benchini. Miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo, mchana kama huo, pale ukumbini walikuwa wakiandaa maigizo ya shule. Juu ya jukwaa kulikuwa na bomba refu la chuma lililofungwa taa, linapanda na kushuka kwa kamba. Pazia alishika kamba. Bega, ambaye wakati huo alikuwa fundi umeme, na hodari kweli, alikuwa ameinama jukwaani akiunga nyaya. Bomba likashuka, likampiga begani. Alilazwa wiki tisa. Alipotoka hakuweza tena kupanda ngazi wala kuinua koleo, akaanza kuuza magazeti. Pazia hakukanyaga tena ukumbi ule.

Hapo tukamwona binti anakuja, kasi, simu mkononi.

— Shikamooni.

Tukaitikia. Akamwendea Bega kwanza, akampa mkono wa kushoto kama anavyosalimiwa siku zote, akamwita baba mkubwa. Kisha akasimama mbele ya baba yake.

— Baba, ni saa tisa na nusu.

— Saa naijua.

— Sikuja kugombana.

— Upimaji ardhi una ubaya gani?

— Hauna ubaya.

— Basi.

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Akamtazama Bega, akarudi kwa baba yake.

— Naomba kukuuliza kitu, na baba mkubwa akiwepo. Nimekiogopa tangu nina miaka saba.

— Uliza.

— Siku ile nilikuwa ukumbini. Mama alinituma nikuletee chakula, ukaniambia nikae mstari wa tatu nisubiri. Nilisikia sauti mbili, zikifuatana kabisa. Moja ilisema subiri. Moja ilisema shusha. Wewe ulisikia ipi?

Pazia alishika kingo za benchi.

— Shusha. Nilisikia shusha. Singegusa kamba bila kusikia.

— Mimi nilisikia subiri, — Bega akasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiisema siku ile. Gazeti lilibaki wazi mkononi mwake.

— Nilisikia subiri, — akarudia. — Ndiyo maana sikutoka. Nilijua una kamba, na nikajua umeambiwa usubiri. Nikaendelea na nyaya zangu.

Binti akauliza polepole:

— Aliyesema shusha alikuwa nani?

Pazia akamgeukia Bega.

— Nilidhani ni mwalimu wa maigizo.

— Mwalimu alikuwa nje na wanafunzi, — Bega akasema.

— Basi yule fundi rangi.

— Fundi rangi hakuja siku ile. Alikuwa mgonjwa.

— Na aliyesema subiri? — nikauliza mimi, na papo hapo nikatamani ningenyamaza.

Wakili alikuwa akitazama viatu vyake. Watu kumi na wanne walikuwa ukumbini, huyu anapigilia misumari, yule anaita mwenzake, na neno moja lilitoka kwa mmoja wao bila hata yeye mwenyewe kujua limefika wapi.

— Nimekwenda kuwaona wakiendesha maigizo pale chuoni, — binti akasema. — Kuna mtu mmoja tu. Anavaa vya kusikilizia masikioni, ana daftari lenye kila kitu kitakachotokea. Taa haiwaki, kamba haiguswi, mpaka aseme yeye. Kabla ya kusema shusha, anamtaja kila aliye chini, mpaka kila mmoja aitikie. Akisema subiri, hata mkubwa wa kikundi anasubiri. Umeneja wa jukwaa ndio huo, baba. Mimi nataka kuwa mtu huyo.

Mama wa kahawa alikuja na birika, akatuona nyuso, akapita bila kumimina. Hatimaye Pazia akageuza simu, akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma namba mbili mbili, taratibu, kama anayemsomea mwenzake vipimo vya ubao.

Binti akaziandika. Akatikisa kichwa.

— Muda wake umepita, baba. Niombe nyingine?

— Omba.

Tukasubiri wote watano. Simu ilipolia, Wakili aliruka kama ni yake. Pazia akasoma upya, na safari hii zikakubali. Binti akamwinamia baba yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, kidogo tu, kisha akaondoka kwa haraka ile ile aliyokuja nayo. Yuko mwaka wa pili sasa. Nasikia likizo zake huzimaliza akikagua kamba za kumbi za watu bila kuombwa.

Siku ile, alipokwisha kwenda, Wakili alinyanyuka akasema ana shughuli mahali. Sijawahi kumjua na shughuli saa hizo. Mimi nilirudi kibandani na kiatu, nikashona mshono mmoja mara mbili. Benchi likabaki na wawili, mmoja huku, mmoja kule.

— Mwenzangu, — Bega akasema. — Miaka yote hii nilidhani ulisikia subiri kama mimi, ukashusha hivyo hivyo.

Pazia hakuinua uso.

— Na mimi nilidhani ulisikia shusha, ukakataa kutoka. Ubishi wako ule. Nikasema moyoni, amejitakia. Nilikuja hospitali mara mbili na maneno hayo rohoni. Nikaishia kwenye ngazi.

— Mke wangu alikuona.

— Hakuniita.

— Nilimwambia asikuite.

Bega akakunja gazeti alilokuwa nalo, akaliweka juu ya mengine. Kisha akatelezesha mwili kwenye benchi, akapita nafasi ya Wakili, akapita yangu, akatua karibu kabisa na Pazia.

— Niambie kuanzia asubuhi, — akasema. — Ulipofika ukumbini, ulinikuta wapi?