Nguo ya Winchi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lipo, kwa hiyo anayekaa katikati hukaa kwa adabu. Liko mbele ya kibanda cha Fundi, mshona nguo. Fundi mwenyewe hakai hapo. Yuko hatua mbili nyuma, kwenye cherehani yake, anasikia kila neno na kujibu kwa mguu: maneno yakimchosha anakanyaga pedeli kwa kasi mpaka wenyewe wanyamaze. Wakaaji ni wale wale. Kuna Tani Kumi, dereva mstaafu, ambaye lori lake linazidi kubeba mzigo mkubwa kila mwaka tangu aliache. Kuna Betri, fundi redio. Kuna Mfupa, mwenye bucha la jirani. Na kuna Bibi Birika, anayewauzia kahawa na kuwasema kwa wakati mmoja. Jumatatu ile mada ilikuwa moja tu, binti wa Fundi.

Binti ana miaka kumi na tisa, na mtaa mzima unamwita Winchi tangu siku alipoibeba cherehani ya baba yake, na meza yake, akaivusha mtaro peke yake huku wanaume watatu bado wanajadiliana nani ashike wapi. Miezi saba sasa ananyanyua vyuma kwenye klabu iliyo nyuma ya gereji. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na mchujo. Anayefikisha kilo hamsini na tano juu ya kichwa anaingia timu, anayeshindwa anasubiri mwaka mzima. Winchi alikuwa amefika hamsini, na hapo alikuwa amekwama wiki tatu.

Nguo yake ya mchujo, ya bluu, ya kubana, ndiyo iliyokuwa kwenye cherehani. Asubuhi Fundi alikuwa amempima upya ili amalizie. Paja lilikuwa limepungua sentimita mbili, mkono sentimita moja. Akapima tena, akidhani tepu imejikunja. Haikujikunja. Anayenyanyua vyuma huongezeka, hata yeye asiyejua vyuma alilijua hilo. Hakumwambia mtu.

— Hamsini na tano ni kitu gani kwa yule? alisema Tani Kumi akipuliza kahawa. Mimi nimefanya kazi na wapakiaji miaka thelathini, nawajua. Yule mtoto ana mgongo.

— Mgongo anao, alisema Betri. Ila bila watu wa kumwelekeza, mgongo ungemsaidia nini?

— Ndiyo maana nilimwelekeza. Nilimwambia, mjukuu wangu, asubuhi usile. Tumbo likijaa, pumzi inakosa pa kukaa. Lori langu nilikuwa nalipandisha mlima tenki likiwa nusu, linapaa. Likijaa, linagoma.

— Lori linapanda mlima kwa kukosa mafuta?

— La kwangu lilikuwa linapanda. Siku moja lilifika juu tenki kavu kabisa, kwa mazoea tu.

Mfupa alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini. Betri hakucheka, alikuwa anasubiri zamu yake.

— Asubuhi si neno, alisema. Neno ni wali, mkate na viazi. Vile vyote ni umeme wa betri mbovu, unajaa upesi na unakatika upesi. Nilimkataza. Na nawaambieni, ana adabu yule. Tulikutana kwa jirani juzi, sinia la wali liko mbele yake, linatoa moshi. Akaniangalia mimi kwanza. Nikatikisa kichwa. Akalisogeza sinia kwa mwenzake, kimya. Jamani, nilitaka kulia. Siku hizi nani anamsikiliza fundi redio?

— Hata mimi ananisikiliza, alisema Mfupa. Nilimwambia aache maharage, mayai na maziwa. Hizo ni njia za kuuzungusha mwili, na mwili si mjinga. Nyama inakwenda kwa mwenzake. Ukila paja, linakwenda pajani. Ukila bega, linakwenda begani.

— Na ukila ulimi?

— Mwangalie Betri.

Sasa hata Fundi alitabasamu kidogo, midomo ikiwa imebana pini.

— Kila Jumamosi nampa mfupa wenye nyama, bure, aliendelea Mfupa. Wiki nzima anaitegemea ile. Nyama ya kweli inachukua siku saba kufika begani, haina haraka.

Bibi Birika aliweka birika chini. Akiweka birika chini, watu hujua kuna neno.

— Nyie mnajua ya mchana tu. Mimi nimemwambia jua likizama asitie kitu mdomoni. Chakula cha usiku hakina kazi ya kufanya, kinalala, na kikishalala hakiamki. Mchana anapita hapa, nampa vikombe viwili vya kahawa kavu. Kahawa inaamsha hata mfupa. Hajawahi kunibishia hata siku moja.

— Mtoto wa watu huyo, alisema Tani Kumi kwa fahari, kana kwamba amemzaa yeye. Jumamosi tutakaa mstari wa mbele.

Wakati huo palikuwa na mama mmoja amesimama kando ya cherehani, ameshika sketi iliyokufa zipu. Alikuwa amesubiri zamu yake bila kuingilia. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole:

— Samahani, jamani. Sasa huyo binti anakula nini?

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya pedeli.

— Anakula... alianza Tani Kumi. Asubuhi hapana. Mchana. Anakula mchana.

— Nini?

— Wali, alisema Tani Kumi, kisha akamwona Betri, akanyamaza.

— Nyama, alisema Betri.

— Leo Jumatatu, alisema Mfupa. Nyama ni Jumamosi.

— Basi mayai.

Mfupa akaangalia viatu vyake.

— Ndizi, alisema Betri. Ndizi hatukumkataza.

— Nilimkataza mimi, alisema Bibi Birika polepole. Wiki iliyopita. Nilimwambia zinalegeza mikono.

Tani Kumi alivua kofia yake, akaishika magotini.

— Kwa hiyo zile kilo hamsini, alisema, amezinyanyua kwa kahawa.

Fundi aliinuka. Alitema pini mkononi, akajiandaa kuwachambua mmoja baada ya mwingine, na maneno alikuwa nayo ya kutosha. Ndipo akakumbuka la kwake. Siku aliyokata kitambaa cha bluu, wiki tatu zilizopita, alimwambia Winchi: kitambaa ndicho hiki hiki, mwanangu, usije ukaniongezeka mpaka siku ya mchujo. Alilisema kama utani, utani wa mafundi, anawaambia hata maharusi. Wateja wote hucheka. Winchi hakucheka, alisema tu, sawa, baba.

Wiki tatu. Akakaa tena, na hasira yote ikamgeukia mwenyewe.

Winchi akatokea na mkoba wake begani, anaelekea mazoezini. Aliwaamkia wote, akaona wameduwaa.

— Umekula? aliuliza Fundi.

— Nimepita kwa Bibi mchana, baba. Nimekunywa kahawa.

— Nimekuuliza umekula.

Winchi aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta namna ya kujibu bila kumwaibisha yeyote.

— Kila mmoja ana lake, alisema. Niliona nikimsikiliza huyu nikamwacha yule, nitakuwa nimemdharau. Basi nikawasikiliza wote.

— Na kocha anasemaje? aliuliza yule mama mwenye sketi.

— Anasema nile. Kila kitu, nishibe, halafu niongeze.

— Mbona yeye hukumsikiliza?

— Kocha nimemjua miezi saba tu, mama. Hawa wamenibeba mgongoni.

Tani Kumi aliinuka wa kwanza. Magoti yake yanayolalamika kila siku hayakulalamika. Akaenda dukani, akarudi na mkate mzima na ndizi tano, akaviweka benchini bila hotuba. Betri alivuka barabara mpaka mgahawani, akarudi amebeba sahani ya wali na maharage kwa mikono miwili, anatembea kama redio ya mteja itamwanguka. Mfupa alileta mayai ya kuchemsha ambayo mkewe alikuwa amemfungia yeye mwenyewe, na hapo ndipo benchi lilipojua anachokula mwenye bucha mchana. Bibi Birika aliimwaga kahawa ya mwisho kwenye mtaro, akalisuuza birika, akaagiza maziwa.

— Kula, mjomba wako nimekosea, alisema Betri. Kula asubuhi, mchana na usiku.

— Usiku hasa, alisema Bibi Birika.

Winchi alikaa katikati ya benchi, pale penye tundu, akaanza na wali. Alikula kwa haya vijiko vitatu vya kwanza, kisha haya ikaisha. Wazee wanne walisimama wakimtazama kwa heshima ileile waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya Jumamosi. Yule mama alikalia kigoda cha Fundi na sketi yake mapajani, hakuna aliyemkumbuka, naye hakudai.

Fundi aliigeuza nguo ya bluu ndani nje, akachukua wembe na kuanza kufumua mshono wa ubavuni, taratibu, uzi mmoja mmoja.

— Baba, si umeshaimaliza?

— Kitambaa kipo, kimekunjwa ndani. Vidole viwili kila upande. Kilikuwepo tangu siku ile, mimi tu na mdomo wangu.

Winchi alitafuna, akameza, akaiangalia ile nafasi iliyofunguka.

— Na nikizidi hapo?

— Ukizidi hapo nitashona nyingine, alisema Fundi. Kula.