Elzie Gabbard na Nguzo Namba 114

Marehemu Elzie Wardell Gabbard alikuwa mwana wa Hobert Gabbard, aliyechimba kwa koleo mashimo ya nguzo za kwanza za bonde hili la Pawpaw. Bibi yake, mama mzazi wa Hobert, alikuwa Arminta Gabbard, aliyepanda nyumbu mwaka 1938 akapita nyumba hadi nyumba kuwaandikisha watu kwenye ushirika wa umeme, wakati makampuni ya mjini yakisema milima ya Kentucky haina faida. Ushirika huu ni wa watu hao. Mwenyekiti wake wa leo, Bwana Corbet Spurlock, aliyekaa hapa msibani safu ya tatu, alikuta taa zinawaka.

Elzie alizaliwa nyumbani tarehe 3 Machi 1951, miaka minne baada ya dada yake Icie, anayesoma wasifu huu. Baba yao alimwona mtoto siku ya pili. Dhoruba ilikuwa imeangusha nyaya, na Hobert alisema mtoto ana mama, majirani hawana taa.

Alisoma shule ya chumba kimoja hapa Pawpaw, kisha sekondari ya kaunti, akamaliza Mei 1969. Dada yake alikuwa ameishia darasa la sita ili kumuuguza mama. Kila jioni Elzie alimsomea kitabu chake mezani, naye hakumwomba.

Mwaka 1970 aliajiriwa na ushirika kama fundi wa laini. Alipanda nguzo kwa miaka thelathini na tisa, na nyundo yake haikuachana naye. Aliigonga nguzo kabla ya kuipanda, akaweka sikio. Iliyo nzima hujibu. Iliyooza ndani hunyamaza, hata ikiwa nje inang'aa.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa Oleta Stamper. Wakitoka kanisani alisimamisha gari, akashuka na suti yake, akaenda kugonga nguzo. Oleta akatoa kichwa dirishani: "Elzie, umenioa mimi au umeoa hilo gogo?"

"Wewe sina wasiwasi nawe, mke wangu. Hili ndilo lina mashaka."

Walijaliwa binti mmoja, Lavonne.

Sasa yasemwe ambayo wengine wangependa yazikwe naye. Sheria ya jimbo inasema ushirika wa umeme usichukue mkopo mkubwa wa benki mpaka Tume ya Jimbo iuchunguze na kuukubali, kwa sababu mkopo huo ni mzigo wa kila mwenye taa. Bibi Arminta aliisifu sheria hiyo. Alisema hata mtu mwema anahitaji wa kumchungulia begani.

Agosti 2007 ulikuwa mkutano wa mwaka. Mnaujua: mlangoni kuna ndoo ya bure yenye balbu na kipigio cha nzi, na jina lako linaingia kwenye bahati nasibu ya paja la nguruwe la moshi. Binti wa mezani alimwambia Elzie, "Andika jina kwenye kadi hii, mjomba, uchukue ndoo." Akaandika, wa kwanza kwenye foleni. Dada yake aliandika wa pili. Paja tulilishinda sisi, tukalila Krismasi.

Chini ya kadi ile, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, ilisema kura yangu nampa mwenyekiti. Bwana Spurlock alizipeleka kadi mbele ya Tume akasema, "Wanachama wote wameridhika, na fedha ni za nguzo mpya." Tume ikakubali. Nguzo hazikuja. Lilikuja jengo la ofisi lenye maporomoko ya maji sebuleni.

Elzie aliizungushia nguzo namba 114 rangi nyekundu, alama ya nguzo iliyooza, akaiandikia ripoti mara tatu. Januari 2009 barafu ilipoangusha nyaya, nyumba kumi na moja zilikuwa gizani nyuma ya nguzo hiyo, na katika mojawapo mjane alikuwa akipumua kwa mashine. Aliigonga. Ilinyamaza. Akaipanda. Ilivunjika naye juu, ikamsaga nyonga.

Bwana Spurlock alikuja hospitali na kikapu cha matunda. "Pole, mzee wangu. Barafu haina adabu."

"Barafu haikuomba mkopo, Corbet," Elzie akajibu. "Na hayo machungwa mpelekee binti wa ndoo."

Hakutembea tena bila magongo. Mwaka jana aliposikia Bwana Spurlock anarudi kwa Tume kuomba mkopo wa pili, na kadi zilezile mkononi, alimfanya Oleta amwendeshe mlango hadi mlango kama Bibi Arminta. Nyumba mia mbili na kumi na moja zimeandika barua kuiondoa kura yao kwa mwenyekiti. Bwana Spurlock asihangaike kuzitafuta barua hizo. Hazipo nyumbani kwa Gabbard.

Mapafu yalimshinda Desemba. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi. Shada la ushirika halipo karibu na jeneza. Limefungwa kwenye kisiki cha 114, barabarani. Mwenye nalo atalipita akirudi.

Ameacha mke, Oleta, binti, Lavonne, wajukuu wawili, na dada, Icie. Na apewe pumziko ambalo hapa alinyimwa.

Siku mbili kabla ya kifo alimwita dada yake, akatoa nyundo chini ya mto.

"Icie, Tume inakaa Alhamisi, tarehe 27. Wewe ndiye utakayesoma barua."

"Mimi wa darasa la sita? Mpe Lavonne."

"Lavonne mume wake anakula mshahara wa Corbet. Wewe hana cha kukunyima."

"Watanicheka, Elzie."

"Wacheke. Soma polepole, jina kwa jina. Ukimaliza muulize Corbet mbele yao nguzo ziko wapi, halafu unyamaze. Usipandishe sauti, dada. Gonga tu, uweke sikio."